TUACHENI TUCHAGUE VIPANDE VYETU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kabla hujaruka kurasa hizi kukimbilia vichekesho na salamu (najua ndiko uendako), hebu keti nami kidogo. Nina neno kuhusu mchujo wa waigizaji katika chama chetu cha Kiswahili, na neno lenyewe limenikaa kooni tangu muhula wa kwanza.

Utaratibu tulio nao kila mwanachama anaujua. Shule ikishafunguliwa Januari, na tamasha la drama likianza kunukia, tunaitwa Ijumaa moja baada ya kipindi cha mwisho. Karatasi imepigwa chapa, nakala chache zinapitishwa mkono kwa mkono, kisha mmoja mmoja anaitwa mbele asome. Sote twasoma kipande kile kile, tena kwa mara ya kwanza. Anayesoma mbio bila kujikwaa anapewa sehemu kubwa. Anayekwama kwenye mstari wa pili anaambiwa, "Haya asante, keti," na safari yake imeishia hapo hadi mwaka ujao. Sasa mimi nauliza, huo ni mchujo wa waigizaji au wa wasomaji? Maana wasomaji wana mitihani yao tayari, na haiishi.

Ninalopendekeza si kubwa. Tangazo libandikwe wiki mbili mapema. Kila anayetaka kuigiza achague mwenyewe kipande, yaani maneno ya mhusika mmoja kutoka tamthilia yoyote, yasiyozidi dakika mbili. Akihifadhi. Siku ya mchujo aje akiseme bila karatasi mkononi. Basi.

Hoja ya kwanza ya kunipinga naijua, kwa sababu niliisikia kwa masikio yangu: ati kipande kimoja kwa wote ndiyo haki, mizani ni moja. Mizani moja ni haki dukani, kwenye sukari. Jukwaani si hivyo. Kipande cha mwaka huu kilikuwa cha chifu anayefokea raia wake. Kilipogawiwa tu, wavulana wenye sauti za ngoma walikuwa wameshashinda kabla hawajafungua kinywa. Kuna msichana mmoja darasani kwetu, sauti yake ndogo, lakini akimwiga makanga anayemdai nauli abiria aliyejifanya amelala, darasa zima hushika mbavu. Ukimtazama vizuri utaona hata bega moja ameliinamisha, kama mtu aliyening'inia mlangoni mwa matatu. Huyo alisoma mistari miwili ya chifu akaketishwa. Chama kimempoteza mwigizaji ambaye hakikumwona.

Hata hivyo, kumwachia mtu achague si kumdekeza, ni kumpa kazi. Na hapa nataka kusema na wanafunzi wenzangu zaidi ya viongozi wa chama, kwa sababu tukiachiwa leo hii tuchague, naogopa nusu yetu tutachagua ovyo.

Sisi tunapenda kelele. Mtu akiambiwa atafute kipande, anapekua kitabu akisaka mahali penye alama nyingi za mshangao. Anaona mhusika amekasirika, anafurahi: hapa ndipo nitakapowaonyesha! Kumbe hasira ndiyo nyepesi kuliko zote kuigiza, hata mtoto wa darasa la kwanza ataipiga miguu chini ukaiamini. Mfano mzuri ni mwisho wa tamthilia ya Kinjeketile, ile ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka wa 1969. Kinjeketile wa kweli, Kinjeketile Ngwale, alinyongwa na Wajerumani mwaka wa 1905 mwanzoni mwa vita vya Maji Maji. Katika tamthilia tunamkuta mwishoni akiwa mfungwa, ameteswa, anatakiwa aseme kwamba maji aliyowapa watu yalikuwa uongo. Akisema, huenda mateso yakapungua. Anakataa, kwa kuwa anawafikiria watoto watakaokuja kuambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Wanafunzi wengi wakikishika kipande hicho hupaza sauti kama wanahutubia uwanja wa Nyayo. Jameni! Mtu amefungwa, mwili unamuuma, watu wake wamekwisha kuuawa. Nguvu za kupiga kelele anazitoa wapi? Kipande hicho kikisemwa taratibu, karibu na kunong'ona, kinatisha mara kumi.

Utajuaje basi kipande kipi kinafaa? Jibu tunalo kwenye daftari zetu. Sote tunaichukia ile karatasi ya fasihi inayotuwekea maneno ya mhusika na kutuambia, "Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)". Tumezoea kujibu kama mashine: maneno haya yanasemwa na fulani, anamwambia fulani, wako mahali fulani, kwa sababu fulani. Alama nne, twende swali linalofuata. Mimi nimekuja kuona kwamba hakuna maswali bora kuliko hayo manne kwa mtu anayetafuta kipande cha mchujo. Tofauti ni kwamba mtahiniwa huyajibu kwa kalamu na mwigizaji huyajibu kwa mwili wake.

"Nani anasema" si tatizo, kila mtu hulifikiria hilo. Linalosahauliwa ni "anamwambia nani". Mtu anasimama mbele ya waamuzi, anakazia macho ukuta wa nyuma, anamwaga maneno kama maji kwenye beseni lililotoboka. Hasemi na yeyote. Chagua kipande ambacho ndani yake kuna mtu anayesikiliza, na huyo mtu ana uwezo wa kukataa. Mama anamwomba mwanawe asiondoke. Mfanyakazi anamwambia tajiri wake kwamba mshahara haukutosha. Hata ule uzungumzi nafsi, mhusika anaposema peke yake, ukiuangalia kwa makini utakuta amejigawa mara mbili, nusu moja inaibembeleza nyingine. Kwa maoni yangu ndio mgumu kuliko wote, na ningewasihi wanaoanza wauache kwanza.

Halafu lipo "kwa nini", nalo ndilo roho ya kipande. Mhusika anataka nini? Si anahisi nini. Ukiniambia mhusika ana huzuni, hujaniambia kitu. Nitaigizaje huzuni kwa dakika mbili? Nitakunja uso tu. Ukiniambia anataka apewe maiti ya kaka yake akaizike, hapo miguu yenyewe inajua pa kuelekea.

Mfano ambao haujawahi kupitwa, nionavyo mimi, ni hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo ya Shakespeare na ikachapishwa mwaka wa 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, kisha akaisahihisha ikatoka tena mwaka wa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais mwenye nchi changa mikononi alipata wakati wa kutafuta Kiswahili cha Antonio, na sisi twasema hatuna wakati wa kukisoma! Tazama jambo lenyewe lilivyo. Bruto amemruhusu Antonio aseme mazishini, ila kwa sharti asiwalaumu waliomuua Kaizari. Bruto amekwisha kusema, na umati uko upande wake. Antonio anataka kuugeuza umati huo, na hana ruhusa ya kusema anachotaka. Kwa hiyo anamsifu Bruto, anamsifu tena, mpaka sifa yenyewe inaoza kinywani. Analia kidogo, anangoja. Anataja wasia, anakataa kuusoma. Anashuka, anawaonyesha joho lenye matundu ya visu. Ni baada ya hayo yote ndipo anausoma wasia, kila Mrumi drakma 75. Kipande kizima ni kirefu mno kwa dakika mbili, lakini kata palipo na joho tu, utakuwa na kazi ya kutosha wiki mbili.

Sasa kuhusu sisi wasichana. Tamthilia nyingi zimewapa wanaume hotuba na wanawake machozi, na kwenye michujo tunaambiwa, "Wewe chukua mahali mama anapolia." Sikatai kulia, lakini si kila siku! Yupo Lanina katika Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, kitabu cha 1981. Ni mwanamke anayewaongoza wafanyakazi wa shamba dhidi ya tajiri Delamon, na ana mambo ya kusema. Yupo Tunu katika Kigogo cha Pauline Kea, anayemkabili Majoka mtawala wa Sagamoyo, ijapokuwa Tunu nawaonya: kitabu hicho kilitahiniwa kwa miaka kadhaa, na waamuzi wamemsikia Tunu mpaka wanaweza kumkumbusha akisahau. Na tena, ni nani aliyesema msichana hawezi kumchukua Kinjeketile katika mchujo? Siku hiyo hatugawi majina ya wahusika, tunapima nani anaweza. Wavulana wanaocheka wacheke, halafu wapande wao.

Huenda ukasema mhusika umpendaye hana hotuba, yeye husema mistari miwili miwili akijibizana na mwenzake. Hilo lina dawa. Chukua majibizano, toa maneno ya yule mwingine, lakini usitoe nafasi yake. Pale aliposema, wewe nyamaza, msikilize, kisha jibu. Ukimya huo ukiufanya vizuri, waamuzi watamwona mtu ambaye hayupo. Lakini chunga usiongeze maneno yako kuziba mianya. Mwandishi alipima sentensi zake, wewe pima kimya chako.

Tuje kwenye kuhifadhi, ambako ndiko watu wengi wanakokata tamaa. Wanadhani kuhifadhi ni kile tunachokiita kukramu: kukodolea ukurasa macho usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya kukariri na kuhifadhi. Kukariri ni kurudia. Kuhifadhi ni kuweka mahali salama, kitu kisipotee, na ndilo neno wenzetu wanaosoma madrasa wanalolitumia. Ukiwauliza watakwambia: husoma kwa sauti, si kwa macho, humsomea mwalimu, si ukuta, na la jana hurudiwa ili la leo lisije likalisukuma nje. Hawaanzi na mzigo mzima. Nami nafuata njia hiyo hiyo, ila kipande changu nakigawa kulingana na mhusika anapobadilisha mbinu, si kulingana na aya za kitabu. Antonio anasifu: fungu la kwanza. Analia: la pili. Anaonyesha joho: la tatu. Ukijua anafanya nini katika kila fungu, maneno yanakuja yakifuata kazi, kama ndama na mama yake.

Mtu aliyekramu sauti tupu akisahau neno moja, ndiyo basi, amezimika kama redio iliyoishiwa betri. Anarudi mwanzo wa sentensi, anaparamia tena, anaanguka palepale. Aliyehifadhi kwa sababu ya jambo, akisahau neno bado anajua anamwambia nani na anataka nini, na neno lenyewe humrudia, au hata lisiporudi, hasimami mdomo wazi.

Mimi napenda kuanzia mwisho. Fungu la mwisho nalihifadhi kwanza, kisha linalolitangulia, hivyo hivyo mpaka juu. Faida yake ni kwamba siku ya kusema unatembea kutoka mahali usipopazoea sana kuelekea nyumbani, na pumzi inakurudia badala ya kukuishia. Wengine watasema ni kichaa, sawa.

Na hapa naijibu hoja ya pili: ati sisi wa shule ya kutwa hatuwezi, kwa kuwa wenzetu wa mabweni wana saa za jioni na sisi tunarudi nyumbani kuteka maji. Nakataa kabisa. Mwenye bweni ana dawati na kengele, na akisema kwa sauti mwenzake anamwambia anyamaze. Mimi nina barabara ya dakika arobaini kutoka stejini hadi kwetu, na ng'ombe wa jirani ambao hawajawahi kunikatiza. Nina masufuria ya kuosha. Nina ndugu yangu wa gredi ya nne, ambaye ukimpa kitabu akushikie na kumwambia akusahihishe, hana huruma hata kidogo. Ukisema "na" badala ya "wala" anakurudisha. Kipimo changu ni ugali. Ukiweza kusema kipande chako chote huku unausonga, usikwame na usiuachie ugande, basi kimeingia, hata wakuamshe usiku wa manane utakisema. Na kisome mara ya mwisho kabla hujalala, kwani usingizi huyakaza yale yaliyosomwa. Mchana unaokaa nacho mwilini ndio unaohifadhi, si saa mbili za kukaa kitako.

Dokezo dogo tu kwa sisi wa bara: kusema kwa sauti mapema hutusaidia kusikia ulimi wetu. Mwaka fulani mgombea mmoja katika igizo aliwaomba wananchi wampe "kula" mara tano mfululizo, na hadhira ikadhani ana njaa. Herufi moja ilimwangusha mwanasiasa mzima. Mahari na mahali, dhamana na thamani, yasikilize kabla hayajakuaibisha.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera, kwa sababu haisemwi waziwazi: kwamba mchujo wa namna hii utakuwa mrefu, watu watajazana madirishani kutazama, na itakuwa fujo. Naam, watajazana. Waacheni wajazane! Hapa Kenya tuna mfano wa kujivunia. Mwaka wa 1977, Kamirithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Mchujo wao na mazoezi yao yalifanywa mahali pa wazi, na ameandika Ngugi mwenyewe kwamba mwanzoni ni kwa sababu hawakuwa na jengo. Wanakijiji walipita, wakasimama, wakatazama, wakaanza kutoa maoni: mzee hasimami hivyo, mwanamke wa shambani hashiki jembe namna hiyo. Kituo hicho kilikuwa na masomo ya watu wazima, na wapo walioingia hawajui kusoma wala kuandika. Hebu niambie, wangepewa karatasi ngeni Ijumaa jioni wakaambiwa wasome mbio, ni wangapi wangebaki? Maonyesho yalianza Oktoba na kufikia Novemba serikali ilikuwa imeondoa kibali, na mwezi wa Desemba Ngugi akawekwa kizuizini, ambako alikaa karibu mwaka mzima. Igizo lililoandaliwa mbele ya watu kiasi hicho lilikuwa na uzito wa kuwatia wakubwa hofu. Ngugi alifariki Mei 2025, na watu hawajaacha kuitaja Kamirithu.

Sisi hatutishi yeyote. Tunataka tu msichana mwenye sauti ndogo apewe dakika mbili zake.

Vitabu vya kuanzia vipo. Kabati la chama lina Kinjeketile nakala mbili, moja haina jalada lakini kurasa zote zimo. Juliasi Kaizari ipo moja. Lipo pia lile la Ebrahim Hussein la mwaka wa 1976, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambalo ndani yake sauti moja hubeba mzigo karibu wote, lakini lugha yake ni ya kishairi na ina miiba, kwa hiyo mwenye haraka asiliguse. Naomba kabati lifunguliwe kila Jumatano saa ya chakula kuanzia wiki ya kwanza ya muhula, na daftari la kuazima liwekwe mezani. Jina langu liandikwe kwa ajili ya Kilio cha Haki. Nakala ni moja tu, na yule ndugu wa Kidato cha Pili anayekaa nayo tangu Mei tafadhali airudishe.